Kazi ya usiku: mnagombania asilimia 5 wakati ovataimu ndiyo inayoliwa

Wakuu, habari za humu.

Haupiti mwezi bila mlinzi au mtu wa kiwandani kuja kuuliza posho ya usiku ni kiasi gani. Anajibiwa asilimia 5, sheria ipo, nenda kadai, na uzi unaishia hapo. Mimi nimekaa miaka kadhaa upande wa kuandaa mishahara ya watu wa zamu (kampuni naiacha bila jina, bado nina watu wanaokula pale). Nilichokiona ni kwamba hiyo asilimia 5 ni chenji. Mwajiri mjanja anaiweka kwenye slipu mapema, tena kwa herufi zinazosomeka vizuri, ili usigeuze shingo kuhesabu masaa.

Naongelea Tanzania Bara, na sheria ninayoisema ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Mambo ya masaa yako kuanzia kifungu cha 17 hadi 26, kwa namba za sheria ile ya 2004.

Tuanze na usiku wenyewe ili tuumalize. Kisheria usiku ni kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Kwa hiyo wewe unayeingia lindo saa 12 jioni, masaa yako mawili ya mwanzo hayahesabiki kuwa ya usiku, hata kama giza limeshaingia. Kila saa iliyomo ndani ya kipindi hicho inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa moja. Kama saa hiyo ni ya ziada, asilimia 5 inapigwa juu ya kiwango cha ovataimu. Hapo kuna neno "angalau". Chama chenu kikiingia mkataba wa hali bora wa asilimia 15, ni halali kabisa.

Sasa masaa. Masaa ya kawaida yana vizuizi vitatu kwa mpigo: siku 6 kwa wiki, masaa 45 kwa wiki, masaa 9 kwa siku. Watu wengi wanashika hicho cha 9 tu, wanazidisha mara 6 wanapata 54, wanaona wako sawa. Hamko sawa, kizuizi cha 45 kimeshavukwa. Juu ya hapo kuna ovataimu, ambayo lazima iwe kwa makubaliano, haizidi masaa 50 katika mzunguko wa wiki 4, na inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Na kwa vyovyote vile, kazi yote kwa siku isizidi masaa 12.

Twende kwenye namba. Tuseme mshahara wa msingi ni 390,000 kwa mwezi. Jedwali la sheria linageuza mwezi kuwa wiki kwa kugawanya kwa 4.333, halafu unagawanya kwa masaa ya kawaida ya wiki, yaani 45. Ukizidisha 4.333 kwa 45 unapata 195 kasoro kidogo sana, kwa hiyo saa yako moja ni shilingi 2,000. Nimechagua huo mshahara makusudi ili hesabu isitusumbue, weka wa kwako.

Mlinzi wetu anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi, usiku 6 kwa wiki. Hayo ni masaa 72. Toa 45, yanabaki 27 ya ziada. Kila moja ni shilingi 3,000, kwa hiyo 81,000 kwa wiki. Kwa mwezi ni kama 351,000.

Na posho ya usiku? Gawanya yale 45 kwa usiku 6, unapata masaa 7 na nusu ya kawaida kila usiku, yanaisha saa 7 na nusu usiku. Ndani yake masaa 5 na nusu ni ya usiku, kila moja shilingi 100, jumla 550. Kuanzia hapo mpaka asubuhi ni masaa 4 na nusu ya ziada, asilimia 5 ya 3,000 ni 150, jumla 675. Usiku mmoja 1,225. Wiki 7,350. Mwezi haufiki 32,000.

Linganisha. Mnagombania 32,000 huku 351,000, karibu mshahara mwingine mzima, ikipita pembeni yenu kila mwezi. Tena hata huyo mwajiri akiamua kulipa yote bado amevunja sheria, maana 27 mara wiki 4 ni 108, na mwisho ni 50.

Sikukuu na mapumziko sikuyagusa, najua maswali yatakuja huko. Karibuni.

---

Geti Kuu

Mkuu, hapa nilipo nimeshika slipu. Imeandikwa "posho ya usiku 30,000". Mstari wa ovataimu haupo kabisa, miaka yote haujawahi kuwepo. Nilikuwa naona wananijali!

Swali: ofisini wanasema saa moja ni ya kula kwa hiyo kazi ni masaa 11. Lindo langu niko peke yangu. Nakula nimesimama, geti likigongwa naacha sahani nakimbia. Hiyo saa ni ya nani?

---

Mleta uzi

Ya kwako. Kifungu cha 23 kinampa mapumziko ya angalau dakika 60 mtu aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya masaa 5. Mwajiri halazimiki kulipia saa hiyo, lakini kama anakutaka ufanye kazi au uwe tayari kwa kazi muda huo, inalipwa. Mtu aliye peke yake getini hajapumzika. Wa kiwandani anayekwenda kantini na mashine ikashikwa na mwenzake, huyo saa yake inatolewa na wala asilalamike.

Ndiyo maana kwenye hesabu yangu niliweka 12 na siyo 11.

---

Nyundo Mbili

Mleta uzi unapotosha watu. Sheria hiyo hiyo inaruhusu masaa 12 kwa siku bila ovataimu, inaitwa wiki ya kazi iliyobanwa. Mimi nasimamia malindo, nakwambia hakuna mteja atakayelipa unachokitaka. Mteja anataka lindo moja masaa 24 kwa bei ya kutupa, ukimpandishia kesho anamchukua jirani. Tukilipa hizo 351,000 tunafunga ofisi.

---

Mleta uzi

Nyundo Mbili, afadhali umekuja wewe, maana hilo la wiki iliyobanwa ndilo linalotumika kuwanyamazisha watu.

Kisome kifungu cha 21 mpaka mwisho. Kwanza ni makubaliano ya maandishi, siyo tangazo ukutani. Pili, hayo masaa 12 yanajumlisha muda wa kula. Tatu, siku za kazi zisizidi 5 kwa wiki, masaa ya kawaida yabaki 45, na ovataimu isizidi 10 kwa wiki. Jumla kubwa kabisa ni 55. Chukua usiku 5 wa masaa 12, toa saa ya kula ya kweli, unapata 11 mara 5, ambayo ni 55 kamili. Inaingia kwa kubana. Na hata hapo, masaa 10 yanalipwa ovataimu. Malindo yako yanakwenda usiku 5 au 6? Kuna mtu wa kumshikia lindo akienda kula?

La mteja nakubaliana nawe nusu. Bei za malindo ni za kuumizana, nimeziona. Ila fanya hesabu kama bosi. Lindo la watu wawili, mmoja mchana mmoja usiku, ukilipa ovataimu yote kihalali unatoa kama 702,000 juu ya mishahara yao. Ukiajiri mtu wa tatu unatoa 390,000 na masaa yanashuka kwenda 8. Hata watatu hao bado watakuwa na ovataimu kidogo, maana 8 mara 6 ni 48, na siku za mapumziko zao zinahitaji mtu wa kuziba, lakini ni tofauti kubwa. Kiwango cha mara moja na nusu kiliwekwa ili mtu wa tatu awe rahisi kuliko kuwakamua wawili. Wawili wanakuwa rahisi pale tu ovataimu isipolipwa. Biashara yote ya masaa 12 mara 6 imesimama juu ya hilo, na unalijua.

---

Mwana Kinu

Nyundo Mbili kakimbia 😂

Mie wa kinu cha unga. Sikukuu wanatuzungusha kila mwaka. Mfano Uhuru, 9 Desemba. Naingia tarehe 8 saa 12 jioni natoka tarehe 9 asubuhi. Jioni ya tarehe 9 naingia tena, natoka tarehe 10. Mwisho wa mwezi nakuta nimelipwa sikukuu masaa 6 tu. Nikiuliza naambiwa ndiyo sheria.

---

Mleta uzi

Hapa panahitaji utulivu, soma taratibu.

Kufanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa unalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa, hilo halina ubishi. Ubishi ni wapi sikukuu ya mtu wa usiku inaanzia. Kwenye sehemu hii ya sheria, siku imetafsiriwa kuwa masaa 24 yanayohesabiwa tangu muda ambao mfanyakazi huanza kazi kwa kawaida. Kwa tafsiri hiyo, zamu uliyoingia jioni ya tarehe 8 ni ya tarehe 8 yote, na ya jioni ya tarehe 9 ni ya Uhuru yote mpaka unapotoka asubuhi ya tarehe 10. Unapata masaa 12 ya mara mbili.

Wapo wanaotumia saa 6 usiku ya kalenda. Kwao usiku wa kwanza una masaa 6 ya Uhuru, ule wa pili una masaa 6 mengine. Jumla ni 12 vilevile!

Masaa 6 wameyapataje? Usiku wa kwanza wanatumia hesabu ya zamu, wanasema uliingia tarehe 8, hakuna kitu. Usiku wa pili wanarukia kalenda, wanakwambia baada ya saa 6 usiku sikukuu imekwisha. Wanabadilisha rula katikati ya kupima. Wewe usiingie kwenye ubishi wa tafsiri ipi ni bora. Waulize tu mnatumia ipi, wakujibu kwa maandishi, halafu uwashike na hiyo hiyo kwa usiku zote mbili. Aliyefanya usiku mmoja tu kati ya hizo mbili, kwake tafsiri inaleta tofauti kweli, na hilo ni vizuri likaandikwa kwenye mkataba wa hali bora kabla Desemba haijafika.

Siku yako ya mapumziko ya wiki nayo ina mara mbili, ukikubali kuifanyia kazi. Mapumziko hayo ni angalau masaa 24 mfululizo, na kati ya zamu na zamu ni masaa 12. Wale wa kupiga dabo kwa sababu "mpokeaji hajafika", unatoka saa 12 asubuhi unaambiwa shikilia mpaka jioni, hapo yamevunjwa yote mawili, kiwango cha 12 kwa siku na mapumziko ya 12. Sheria inaacha mlango kwa dharura. Mpokeaji asiyefika kila Jumatatu ni upungufu wa watu, dharura haijirudii kwa ratiba.

---

Nesi wa Zamu

Naongeza la kina mama maana uzi umejaa wanaume. Mjamzito haruhusiwi kupangiwa usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, na kabla ya hapo pia ikiwa ana cheti cha daktari kwamba usiku haumfai. Akishajifungua ni miezi miwili tena, labda aombe mwenyewe na daktari athibitishe kwamba yeye na mtoto hawatadhurika. Walio chini ya miaka 18 hapana kabisa.

Na mtu yeyote, mwanamume kwa mwanamke, daktari akithibitisha kwamba afya yake haimudu usiku, mwajiri anatakiwa kumhamisha. Kwetu kuna dada mwenye kisukari aliomba kwa mdomo mwaka mzima. Alipoleta cheti, rosta ilibadilika wiki hiyo hiyo. Ombeni kwa karatasi.

---

Jirani wa Namanga

Sisi Kenya mambo ni tofauti kidogo, nawachungulia tu. Kwa agizo la jumla la mishahara, wiki ya kawaida ni masaa 52, lakini mtu wa usiku anaweza kwenda hadi 60. Yaani usiku kwetu unaongezewa masaa badala ya pesa! Ovataimu ni moja na nusu siku za kawaida, mara mbili siku ya mapumziko na sikukuu. Hiyo asilimia 5 yenu mnayoitukana, kwetu ukiipata ni kwa makubaliano ya chama.

---

Geti Kuu

@Jirani wa Namanga pole bwana, nimeacha kulia.

---

Chuma Ulete

Maneno matamu haya. Nendeni mkadai muone. Mwenzetu alidai, wiki ya pili kapelekwa lindo la porini, ya tatu mkataba umeisha. Wenye sheria zao ni wenye nacho.

---

Mleta uzi

Sikubishii, nimeona barua za namna hiyo zikichapwa. Ndiyo maana siwaambii mtu aende peke yake na hasira. Nawaambia nilichoona kinafanya kazi na nisichoona.

Kisichofanya kazi ni kusubiri mpaka ufukuzwe ndipo udai miaka minne ya ovataimu kwa mkupuo. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina muda wake. Kuachishwa kazi isivyo halali unapeleka ndani ya siku 30, madai mengine kama haya ya malipo ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda kwanza, na unatakiwa uwe na sababu inayoeleweka. Wengi wanaangukia hapo, kesi haijafika hata kwenye hesabu.

Kinachofanya kazi ni karatasi. Kitabu cha lindo unachosaini kuingia na kutoka, kipige picha kila ukurasa wenye jina lako. Rosta ikibandikwa, ipige picha kabla haijabanduliwa. Slipu usitupe. Kama huna nakala ya mkataba, mwajiri anatakiwa kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi, yakiwemo masaa ya kazi, na akishindwa kuyaonyesha mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unakuwa wake. Hicho ni kifungu cha 15 na ni silaha ambayo watu hawaitumii.

Na kabla ya Tume kuna Afisa Kazi. Ana mamlaka ya kuingia na kukagua kumbukumbu za masaa na mishahara ya watu wote, kwa hiyo jina lako halihitaji kuwa la kwanza kwenye karatasi. Mkiwa wengi kwenye chama ndiyo bora zaidi, kumhamisha mtu mmoja porini ni rahisi, kuwahamisha arobaini lindo zitabaki wazi.

---

Mwana Kinu

Likizo je? Nimeambiwa siku 28 lakini Pasaka ilivyoingia katikati hawakuniongezea.

---

Mleta uzi

Hapo hawajakuibia. Ni siku 28 mfululizo, wikiendi na sikukuu zote zimo ndani.

---

Kofia Mpya

Nimefuatilia kimya kimya tangu juzi. Mimi nilikuwa mlinzi, nimepandishwa supavaiza wa zamu ya usiku, nina watu 9 chini yangu. Mshahara umeongezwa 40,000 na nimeambiwa sasa mimi ni menejimenti, kwa hiyo ovataimu na posho ya usiku havinihusu. Hesabu ya mleta uzi inanionyesha nimepandishwa kwenda chini.

---

Mleta uzi

Hahaha, hiyo nimeiona sana, tena huwa wanampa na redio ya upepo ili ajisikie.

Kifungu cha 17 kinamtoa kwenye masharti ya masaa mfanyakazi anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na anayeripoti moja kwa moja kwa mtu wa menejimenti ya juu. Ni masharti mawili, yote yatimie. La kwanza labda unalo. La pili, jiulize unaripoti kwa nani. Kama juu yako kuna msimamizi wa kanda, juu yake kuna meneja wa operesheni, halafu ndiyo wakubwa wenyewe, sioni wanavyokutoa. Kama ofisi ni ndogo na unampigia mkurugenzi mwenyewe kila asubuhi, hapo wana hoja.

Barua yako ya kupandishwa inasema unaripoti kwa nani? Ziba majina uiweke hapa tuisome.

---

Kofia Mpya

Barua sikupewa. Niliambiwa kwa simu.

---

Mleta uzi

Basi kesho andika barua fupi ya kuomba maelezo ya cheo chako kwa maandishi: kazi zako, masaa yako, mshahara, na unayeripoti kwake. Mambo ya ovataimu usiyataje kabisa humo. Isaini, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, uhifadhi. Wakijibu, rudi hapa na jibu.